Pawatila Ilipopita Kwa Metwalli

"Bajaji inalima!" alipayuka Shalabi, ambaye kijiweni walimwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzima. Aliinua simu juu ya meza ya dhumna. "Jamaa wa Minya kafunga plau nyuma, udongo unakatika kama siagi!"

"Na abiria anakaa wapi?" aliuliza Bayoumi, aliyefagia karakana moja Kuwait, akarudi kijijini akiitwa Mhandisi.

Metwalli hakucheka. Kishamba chake kilikuwa chembamba kama mguu wa suruali, kimebanwa kati ya mfereji na majani ya ng'ombe ya jirani. Jana mwenye trekta alikuja, akatazama, akarudi kinyumenyume. Akigeuza, gurudumu moja linaingia mferejini, jingine linaingia mahakamani. Na mahindi yalitakiwa yawe ardhini kabla zamu ya maji haijapita.

"Mfunge plau nyati wako wa maziwa, ami," Redio alimshauri.

"Nyati ni wa mke wangu Naima. Kamnunua kwa bangili zake za harusi. Halafu ana mimba."

"Naima? Hongera, mabruki!"

"Nyati, wewe!"

Kahawani watu wakavunjika mbavu.

"Basi punda."

"Punda wangu akiona plau anajifanya marehemu."

"Mnahangaika bure," Mhandisi alisema, akivuta shisha kwa madaha. "Chukua pawatila. Kimashine kidogo, unatembea nyuma yake umeshika mikono miwili. Kinageuka hata jikoni."

"Ulishawahi kukishika?" Redio alimuuliza.

"Nilikiona. Kuwait."

"Kuwait walikuwa wanalima nini, lami? Tena kwa kiuno hicho cha Metwalli, kimashine ndicho kitakachomlima yeye!"

Metwalli alicheka nao, lakini chai hakuigusa. Maji yakipita, mwaka mzima atanunua mahindi ya wenzake, na Redio atamtangaza hadi Tanta. Akasukuma glasi, akasimama.

"Naima yuko sokoni," alisema. "Namfunga nyati sasa hivi. Mpaka arudi, kazi imekwisha."

Mhandisi alikuwa anatazama mlangoni, moshi umemkwama puani.

Naima alikuwa amesimama hapo, pindo la gauni limejaa matope. Hakuna mwanamke aliyewahi kukanyaga kizingiti kile.

"Salaam aleikum. Baba Hanafi, njoo ufungue maji," alimwambia mumewe.

"Maji ya nini? Shamba halijalimwa."

"Limelimwa. Kaka yangu kaleta pawatila juzi, asubuhi hii ikaingia kwetu, nyie mkilima kwa midomo. Nimetia mbegu, nimefukia." Akamtazama mumewe juu mpaka chini. "Nyati ana mimba. Wewe una nini?"

Metwalli aliona uso unamwaka, na papo hapo mzigo wa zamu ya maji ukamtoka kifuani. Akatafuta viatu chini ya meza.

"Na wewe Mhandisi," Naima aliendelea, "mashine inaingia kwako sasa. Mkeo kaishika mwenyewe, na mtaro wa kwanza kaunyoosha kuliko kaka yangu."

Mhandisi alitoka mbio, shisha ikabaki inafuka peke yake.

Redio alipiga meza hadi dhumna zikaruka. "Jamani! Wake zao wanawalimia! Hii naitangaza wilaya nzima!"

"Itangaze, Shalabi," Naima alisema, akigeuka kuondoka. "Ila anzia kwako. Shamba lako tulilimaliza jana."