Ndovu Katika Maonyesho ya Idris

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Mhariri wa gazeti langu la Mombasa amenipigia simu hapa stesheni ya reli Voi, mkubwa wangu akisikia kila neno. Eti habari zangu zinafika zimechacha. Mbuvi wa gazeti lile jingine amenitangulia tena, hata kwa habari ya paa linalovuja la ukumbi wetu wenyewe wa mji! Nikichelewa tena, jina langu linatoka gazetini na nitabaki karani wa mizigo tu. Branice anasema karani wa mizigo ndiye aliyemwoa. Mke wangu hanielewi.

Jumatano, 7 Agosti

Nafasi imepatikana! Jumamosi Idris Kombo, fundi wa kuandika mabango ya maduka, anafungua maonyesho ya picha zake ukumbini. Kurasa za gazeti la Jumapili hufungwa Ijumaa. Mbuvi atangoja aone kwanza, maskini. Mimi nimeandika leo, bahasha iende na treni ya kesho.

Sijaona picha hata moja. Idris amezifunika kwa magunia na hataki kusikia ombi langu. Lakini mchoraji wa Voi atachora nini? Wote huchora ndovu, watalii wapate cha kubeba. Nimeandika kwamba ndovu wa Idris anatoa machozi, na watazamaji walitoa yao. Nilipoisoma tena nililia kidogo.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimekwisha. Nimekutana na Idris akitoka msikitini na baba mkwe wake, Mzee Waleed. Nikamsifu ndovu wake, kwa heshima tu. Wakanitazama wote wawili. Idris akasema yeye hachori kiumbe chenye roho, hajawahi, na mji mzima unajua. Picha zake ni milango, mashamba ya mkonge, mlima Kasigau. Mzee Waleed akaongeza kwamba ndiyo sababu amekubali kuhudhuria.

Mji mzima unajua! Nimekaa Voi miaka yote hii na hakuna aliyeona vyema kuniambia.

Nikakimbia posta kupiga simu. Mhariri akasema ukurasa umeshafungwa, na kwamba amempenda sana ndovu. Dawa ni moja tu: ndovu awepo ukumbini kesho.

Jumamosi, 10 Agosti

Ndovu pekee niliyempata ni wa bango la baa ya Nzomo, ameinua chupa ya bia kwa mkonga. Nilimwambia Nzomo bango linahitaji kuoshwa, nikaondoka nalo. Chupa nikaifunika kwa majani niliyoyachora kwa rangi za maji za mtoto wetu. Yakapendeza. Nikalitundika mwisho wa ukumbi kabla ya wageni.

Picha za Idris ni nzuri. Naandika hapa kwa sababu gazetini hilo halimo. Kuna mlango mmoja wa kijani, umefunguliwa kidogo tu. Nilisimama mbele yake na kwa muda nikasahau hofu yangu.

Kisha wageni wakamiminika wote kwa ndovu, chifu mbele! Nasima, mke wa Idris, akaliona vumbi jekundu kwenye bango. Akalipangusa kwa kitambaa chenye maji, uso ameugeuza pembeni asimwone mnyama. Majani yakateremka. Chupa ikatokea. Mzee Waleed alikuwa amesimama papo hapo. Akachukua fimbo yake akaondoka bila kuaga. Mbuvi alikuwa akiandika.

Idris akanijia polepole. Baada ya sifa zangu za jana hakuhitaji kuuliza ni nani aliyelitundika.

"Bwana Wesonga," akasema, "maisha yangu yote nimeandika majina ya maduka ya watu. Siku moja nimeomba watu watazame kazi yangu. Wametazama yako."

Niliona aibu. Kweli niliona.

Jumatatu, 12 Agosti

Gazeti letu la jana limesema ndovu analia. La Mbuvi leo linasema ndovu anakunywa bia. Simu ikalia stesheni, nikaipokea nikingoja kufukuzwa. Kumbe mhariri ana furaha! Kwa mara ya kwanza gazeti lile jingine limethibitisha habari yangu ya ndovu, tena limechelewa. Jina langu linabaki!

Idris amefunga maonyesho. Mzee Waleed hamsemeshi. Nimempelekea Idris ukurasa wangu, nimeukata vizuri kwa makasi. Nasima akafunga mlango kabla sijaufikisha. Wasanii wana hasira za ajabu.

Jumatano, 14 Agosti

Mhariri anataka maonyesho mengine. Jumamosi ijayo mama mmoja, Katunge, anaonyesha picha zake shuleni Kishushe. Kishushe, kwa barabara ile mbovu! Siendi. Lakini mara hii nimekuwa mwangalifu. Kabla ya kushika kalamu nimeuliza dini yake. Ni Mkatoliki. Nimeshaanza: "Bikira Maria wa Katunge amejitwika mtungi wa maji, na hakuna aliyemfikia bila kupiga magoti."