Ombi la Kubadilishiwa Ugonjwa

Kizwite, Sumbawanga

Ndugu Afisa Utumishi wa Chuo,

Tumsifu Yesu Kristo. Naamini u mzima na baridi hii. Ni mimi Evodia, mhudumu wa maktaba. Kama ulivyosikia, daktari amesema nina sonona, nami nimepumzishwa nyumbani. Kwa heshima zote naomba chuo kinibadilishie ugonjwa, nipewe mguu uliovunjika. Sababu ni hizi:

1. Nestory wa stoo alipovunjika mguu mlijaa kwake Izia na unga wa ulezi, kuku, na kwaya ya wafanyakazi nzima. Kwangu hajafika hata aliyepotea njia.

2. Plasta ya Nestory mliiandika majina mpaka nafasi ikaisha. Mimi mtaniandika wapi?

3. Mwasiti wa mapokezi, rafiki yangu kabisa, tulikutana sokoni akanong'ona, "Shoga, eti siku hizi unang'ata?" Nikamwambia, "Bado." Akacheka, halafu akakumbuka ana haraka.

4. Kwenye semina ya afya ya akili mlitugawia fulana zilizoandikwa "Hauko Peke Yako". Yangu naivaa nikiwa peke yangu. Mungu namweleza kila jioni, na ananisikiliza vizuri, ila Yeye hanywi chai.

5. Kama mguu ni mkubwa mno kwa utaratibu wenu, nakubali mkono. Hata kidole. Plasta nitajitafutia, ninyi nithibitishieni tu kwamba nilianguka kwenye ngazi za maktaba. Huo uongo nitaupeleka kitubio mwenyewe, msihangaike.

Nisalimie wote hapo ofisini, na wale wanaohamia upande wa pili wa barabara wakiniona wasalimie zaidi, maana wao wanatembea sana.

Mimi niumwaye pasipoonekana,
Evodia

Nyongeza: Barua hii nilimpa Mwasiti akuletee, kumbe kaisoma kwa sauti wakati wa chai. Sasa mmekuja wote, na barua mmenirudishia. Mwasiti analia kunizidi mimi mgonjwa. Nestory kakaa pembeni yangu, hajaniuliza kitu, anapukuchua mahindi tu, na sijui kwa nini hilo ndilo limenituliza moyo. Ombi la mguu nalifuta. Ila kwa mdomo naona haya, kwa hiyo nakuandikia hapa hapa nikupe mkononi: usingizi umenijia, ule wa kweli, nao sikuwa nao muda mrefu. Tafadhali inuka, Ndugu Afisa. Umekalia mto wangu.