Gari la Mjomba Linagonga

Jumapili, 24 Agosti

Kikao cha kamati ya harusi. Ushindi! Irine, binti wa dada yangu Paulina, anaolewa Mikumi Jumamosi hii. Nimesimama mbele ya wajumbe wote nikatangaza kwamba bibi harusi atatoka Kilosa ndani ya gari la mjomba wake, yaani mimi, Lupakisyo, mstaafu wa reli, na si ndani ya gari la mtu mwingine. Mtu mwingine ni Kasian, baba yake mdogo. Ana gari jipya na analiosha kila asubuhi barabarani ili tumwone. Ushamba mtupu.

Kasian akadai gari langu halijatoka chini ya turubai tangu mvua za mwaka juzi. Ni kweli, na sioni aibu. Nalitunza! Gari la heshima haliendi kubeba mkaa.

Irine akasimama. Akasema gari hilo ndilo lililomtoa hospitali akiwa kichanga, marehemu baba yake amempakata kiti cha nyuma, na hataki lingine. Paulina akafuta machozi. Mimi pia, kidogo. Kasian akakaa chini.

Mwenyekiti wetu, Mama Agatha, akasema sawa, ila kamati italikagua Alhamisi. Kulikagua! Gari langu!

Jumatatu, 25 Agosti

Nimetoa turubai. Nimemfukuza kuku aliyekuwa anaatamia chini ya bampa. Betri ikajivuta, ikajivuta, ikakubali. Gari likawaka! Halafu: tak-tak-tak-tak. Kama mtu anagonga sufuria kwa kijiko.

Nikazima papo hapo. Nikasubiri, nikawasha. Tak-tak. Nikazima. Nimewasha na kuzima asubuhi nzima, kila mara nikiwahi kabla majirani hawajasikia. Haliponi! Ukaidi gani huu?

Kasian akatokea. Eti alikuwa anapita. Anapita kwenda wapi, wakati kwake ni upande wa pili wa reli? Akanieleza, kwa sauti ya kinyenyekevu inayoudhi, kwamba gari likikaa muda mrefu oili yote hushuka chini, vyuma vya juu vinabaki vikavu, ndiyo maana vinagonga. Niliache tu lingurume, oili ipande, kelele itaisha yenyewe. Kisha nimwage oili ya zamani, niweke mpya, na nilitembeze kila siku mpaka betri ipate nguvu.

Nimemshukuru kwa adabu zote. Sitafanya hata kimoja. Anataka nikae pale uani gari ligonge mpaka mtaa mzima usikie! Mimi si mtoto.

Jumatano, 27 Agosti

Nimegundua dawa! Nimechukua blanketi la mke wangu Sesilia, lile zito la maua, nikaifunika injini, nikashusha boneti, nikawasha. Kelele ikafifia. Kwa kuwa haikunikera tena, nikaliacha lingurume huku nakunywa chai. Kufika nusu ya kikombe, kimya. Hakuna tak wala nini. Injini imetulia tuli!

Nikamwita Sesilia aje ashuhudie. Alikuja, akashuhudia moshi.

Sitaandika aliyoyasema. Kumbe blanketi alipewa na mama yake, lilitoka Malolo. Gari halijaungua, lakini hakuna aliyeulizia gari. Nimelala kwenye kochi, bila blanketi.

Alhamisi, 28 Agosti

Asubuhi nimewasha bila kufunika. Tak-tak-tak. Nikazima haraka. Sasa ushahidi umekamilika: kinachoponya ni blanketi. Nimemwomba Sesilia blanketi la pili. Amelikalia na hainuki.

Kamati ilikuwa inakuja saa nne. Nikafikiri upesi. Jirani yangu Salome ni fundi cherehani, na cherehani chake cha kukanyaga kinalia tak-tak vilevile. Nikamsihi akihamishie barazani kwangu na ashone mfululizo wakati wa ukaguzi, asisimame kwa lolote. Alitaka kujua kisa. Nikamwambia kuna upepo mzuri.

Wakaja. Salome akakanyaga. Nikawasha. Safi kabisa! Huwezi kujua kipi ni kipi. Mjumbe mmoja akauliza mlio huo ni wa nini, nikamwonyesha cherehani kwa kidole. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kasian akazunguka gari, akainama, akasikiliza, hakupata kitu.

Hapo ndipo Mama Agatha, aliyechelewa, akaingia getini. Na Salome, kwa malezi yake mazuri, akaacha cherehani, akasimama, akapiga goti, akamwamkia shikamoo. Mama Agatha akaitikia marahaba. Akamuuliza habari za watoto, za mama yake, za mguu wa mama yake. Muda wote huo cherehani kikaendelea kushona chenyewe, tak-tak-tak.

Kamati nzima ilikitazama kile cherehani. Kisha ikanitazama mimi. Nikazima gari.

Nimemlaumu Salome. Anasema angewezaje kukaa kitako mtu mzima akiingia? Hilo naye analiona jibu!

Mama Agatha alishaanza kumgeukia Kasian. Irine, aliyekuja na kamati, akaingilia. Akasema hata likilia kama ngoma atapanda hilo hilo, au aende kwa miguu. Kamati ikakubali kwa sharti: gari la Kasian lifuate nyuma, kama akiba. Akiba! Nyuma yangu njia nzima, linasubiri nife!

Ijumaa, 29 Agosti

Sikukata tamaa. Harusi ina matarumbeta, na hakuna gari linaloyashinda matarumbeta. Nimempigia Alfred, kiongozi wa kikundi cha Mikumi kilichokodiwa na upande wa bwana harusi. Nimemwomba watupokee tunapoingia mjini na wapige bila kupumzika hata kidogo mpaka mlango wa kanisa. Akaniuliza watavuta pumzi saa ngapi. Nikamwambia wapeane zamu. Akasema nina mambo ya ajabu, lakini amekubali.

Sesilia ameshauri niliwashe gari leo, nilitembeze hata hadi stesheni. Mashauri ya Kasian yamefika mpaka chumbani kwangu! Nimekataa. Likipumzika leo, kesho litakuwa na nguvu.

Jumamosi, 30 Agosti

Siku yenyewe. Maua kwenye boneti, Irine na Paulina nyuma, mimi na tai. Nikawasha. Tak-tak-tak! Safari hii sikuweza kuzima, maana vigelegele vilishaanza. Nikaondoka. Kasian nyuma yangu, suti nyeupe.

Hata mji wa Kilosa hatujaumaliza, kelele ikakoma. Ikakoma kabisa! Irine akasema Mjomba, sikia, limenyamaza. Nilisikia. Ndipo nilipoingiwa na hofu. Gari linalogonga unajua lina nini. Gari linalonyamaza linapanga jambo. Njia nzima jasho linanitoka, nasubiri lianze. Paulina alikuwa anaimba.

Tukafika Mikumi. Watu wamejaa njia panda, na matarumbeta hayapo! Alfred na wenzake wamekwama nyuma ya malori. Watu kimya, wananitazama. Nikaona sasa hivi litagonga mbele ya ukoo mzima wa bwana harusi. Nikalizima.

Irine akauliza kwa nini nimezima na gari lilikuwa shwari. Nikasema tunalipumzisha. Matarumbeta yakafika, yakapiga. Nikazungusha ufunguo. Klik. Tena. Klik. Betri imekufa! Siku zote wiki hii nimewasha na kuzima, haikuniambia kitu.

Kasian akawa ameshafika dirishani, mlango wa gari lake ameshaufungua, na taulo ametandika kitini Irine akalie. Nikamwangalia Irine kwenye kioo. Ningemwambia nini? Marehemu baba yake angekuwepo angeniuliza.

Irine akacheka. Akasema hashuki. Akamwomba baba mdogo asukume.

Na Kasian akasukuma! Akavua koti, akaweka viganja kwenye buti la gari, na mimi kwenye usukani, na matarumbeta yakaacha harusi yakaanza kumpigia yeye, ehee, ehee, Kasian! Gari likawaka, likafika mlango wa kanisa bila tak hata moja. Irine ameshuka kutoka kwenye gari alilolitaka. Nililia, nakiri.

Lakini ukumbini! Mshereheshaji akawaomba wageni wote wasimame wampigie makofi Kasian, mwenye suti yenye vumbi. Bwana harusi akamkumbatia. Nani aliendesha? Nani alishika breki? Hakuna aliyetaja. Tena ameniachia alama za viganja kwenye buti.

Kabla sijaondoka Irine akanishika mkono. Akaniomba jambo moja tu: mama yake anabaki peke yake Kilosa, basi nimlete Mikumi mara kwa mara kwa gari lile lile, wasije wakapoteana. Nimeahidi. Nimeahidi mbele ya Paulina.

Jumapili, 31 Agosti

Tumerudi salama. Gari halikugonga hata mara moja kutoka Mikumi mpaka uani. Hii inathibitisha nilichosema siku zote: gari hili halina tatizo, lilitaka shughuli ya hadhi yake.

Mchana Paulina alikuja na mfuko wa mchele na kuku kwenye tenga. Ameuliza tunakwenda lini kumwona Irine. Nimemweleza kwa upole. Gari lililobeba bibi harusi haliwezi kugeuka la kubeba mchele na kuku. Kinachoua magari ni kuyatumia. Litatoka tena siku ya ubatizo wa mtoto wa kwanza wa Irine, Mungu akijalia. Mpaka hapo lipumzike.

Paulina akachukua mfuko wake wa mchele. Akalitazama gari, akabeba tenga lake, akavuka reli. Jioni nimesikia kwamba Kasian atampeleka Jumamosi, na Jumamosi nyingine zote. Mtu huyu hana haya hata kidogo!

Nimelifunika kwa turubai mbili na kamba mpya. Kuku amerudi chini ya bampa.