Sukari ya Daktari Abdulrazaki

Miaka ile ya ruksa kila mtu aliuza alichonacho, na Abdulrazaki alikuwa na ulimi. Aliwahi kufagia wodi ya macho miezi minne, akaokota humo jambo moja la kweli: maradhi ya mwili hujitokeza machoni. Jicho likiwa la njano, ini. Ukifunua kope ukakuta weupe, damu imepungua. Mtu akiona ukungu, huenda ni sukari. Tiba ndizo hakuzikumbuka, basi akachagua asali ya Rungwa. Siku ya mnada wa Misigiri akatandika mkeka, akavaa koti jeupe na miwani nzito ya mitumba, usomi uonekane tangu mbali.

Wa kwanza alikuwa mkulima, Mzee Naftali.

"Ini lako limechoka sana, mzee," Abdulrazaki akasema, akimmulika tochi.

"Linachokaje, na anayelima ni mimi?"

"Ndiyo maana."

Mzee akatoa jogoo, akapewa kichupa cha asali.

Mara akaja Mwantum, mama wa makamo aliyeleta marobota ya mitumba kutoka Singida mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari." Akamtazama usoni kwa muda. "Mbona mgonjwa ni wewe? Jioni kichwa hakikuumi?"

Abdulrazaki akajishika kichwa.

"Mbali huoni ukungu? Kwenye kizingiti mguu haukosei?"

Yote yalikuwepo. Baba yake alikufa kipofu kwa kisukari, na tangu hapo Abdulrazaki hakuogopa kitu duniani kama upofu. Akazima tochi.

"Sukari hiyo," Mwantum akasema kwa huzuni ya kitaalamu. "Na unalala chumba kimoja na asali!"

"Nifanyeje, mama yangu?"

"Asali nitakuondolea mimi. Wewe kunywa maji, na siku saba usivae miwani, macho yapate hewa."

Madebe mawili yakahamia kwa Mwantum. Jogoo naye akafuata, maana ngozi yake, mama alisema, ina mafuta. Hospitali Abdulrazaki hakwenda. Alijua aina ya watu wanaofagia kule.

Siku ya nane macho yalikuwa safi kabisa. Abdulrazaki alilia kwa furaha, tena machozi ya kweli. Mnada uliofuata akatia miwani mfukoni, akajitwika debe jingine la asali kwenda kumshukuru mama.

Akamkuta Mzee Naftali kwenye meza ya Mwantum, anajaribu miwani. Fremu ni ileile ya mfukoni mwake.

"Hiyo iache, mzee," Mwantum alikuwa akisema. "Za aina hiyo wananirudishia kila siku. Ukishinda nayo, jioni kichwa kinauma, mbali unaona ukungu, kwenye kizingiti mguu unakosea."

Abdulrazaki akasimama na debe begani. Matusi yalimjaa kinywani.

"Daktari!" Mzee Naftali akageuka, uso umejaa imani. "Hebu litazame tena ini langu. Linaendeleaje?"

Abdulrazaki akayameza yote.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, daktari. Hilo weka hapo chini, yale ya mwanzo yamekwisha."

Akaweka.