Jibu Ndiyo, Mama

Sukari aliposikia kwamba mshonaji wa mtaa wa pili kapoteza ukurasa wake wa mtandaoni, masikio yalimsimama kama ya sungura.

Mshonaji huyo, bibi mjane mwenye cherehani moja na subira ya watu kumi, alitaka kufuta picha moja tu ya gauni lililopinda. Simu ikamuuliza kama ana uhakika. Kwa kuwa alilelewa kumjibu anayeuliza kwa adabu, akabonyeza ndiyo. Ikauliza tena. Ndiyo. Ukurasa mzima ukaenda, na wateja wa miaka sita wakaenda nao. Cherehani ikanyamaza siku nne.

"Shikamoo, Mama," Sukari akaingia, tabasamu mbele, yeye nyuma. "Pole na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Kafa nani?"

"Ukurasa wako. Lakini mimi nafufua."

Haki ya Mungu, Sukari hajawahi kufufua hata mende aliyelala chali. Alikuwa na ukurasa uitwao Daktari wa Kurasa, wenye wafuasi elfu ishirini, wengi wao wagonjwa waliokwisha kumlipa na kuambiwa wasubiri. Wanasubiri hadi leo.

"Tutaanza upya kwenye simu yangu, Mama. Ufunguo nitautunza mimi, usije ukafuta tena. Wateja wote watapitia kwangu."

"Na ujira wako?"

"Suti tu. Vipande vitatu."

"Mungu akuweke. Njoo kesho nikujaribishe."

Kesho yake Sukari alisimama katikati ya chumba, mikono kaitanua kama sanamu ya kutishia ndege, koti limeshikizwa kwa pini kuanzia shingoni hadi kiunoni.

"Nikisogea je?"

"Zitakuchoma. Ya kwapani ndiyo ndefu."

"Basi chukua simu yangu hapo mezani, iko wazi. Weka picha zako za magauni. Ikikuuliza chochote, jibu ndiyo."

Bibi akavaa miwani. Sukari hakujua kwamba zile siku nne za kimya bibi alizitumia kusoma kila kitufe, kimoja kimoja, vile anavyofumua mshono ulioharibika ili aushone upya.

"Inauliza, nibadilishe jina la ukurasa?"

"Ndiyo, Mama." Kwapa lilikuwa linamuwasha.

"Na namba ya simu?"

"Ndiyo!"

Kitu kikatetemeka mfukoni mwa aproni ya bibi.

"Nini hicho?"

"Simu yangu. Usigeuke, shingo hiyo! Na neno la siri, niweke jipya?"

"Mama, si nimeshakwambia? Ndiyo!"

"Sasa inauliza kama nina uhakika."

"Unao! Unao kabisa!"

"Haya, mwanangu. Nimejibu."

Jioni Sukari alipotaka kuwasalimu wagonjwa wake, simu ikamwambia haimtambui. Akautafuta ukurasa wake kwa simu ya jirani. Wafuasi elfu ishirini walikuwepo, wazima kabisa. Jina lilikuwa la mshonaji, juu kabisa gauni la njano, na chini yake maneno haya:

"Wagonjwa wa daktari, karibuni kwangu. Kufufua siwezi, kushona naweza. Na mwenye shida na daktari mwenyewe, kesho saa nne asubuhi anakuja kuchukua suti yake."

Saa tatu foleni ilishakata kona. Walipochoka kusubiri, wengi walipimwa magauni.

Suti ile bado imening'inia dirishani, pini zote mahali pake.