Susa Yetu Si Bia, na Hiyo Asilimia Mia Naomba Niieleze

Kwa Ndugu Mhariri wa Kurasa za Matembezi,

Assalaam aleikum, na kama hiyo si salamu yako, basi habari ya kazi. Mimi ni Robow Abass, mfanyabiashara wa Isiolo mjini, upande wa soko la mifugo. Nilitaka kukuandikia siku ile ile niliyosoma gazeti lenu, lakini mke wangu Nafiso akanishauri nipumzike kwanza. Nimepumzika. Bado nimekasirika.

Mmetoa orodha ya baa kumi bora nchini za bia ya ufundi. Nimeelezwa kwamba hiyo ni bia isiyotoka kiwandani, mwenye baa anaitengeneza mwenyewe kidogo kidogo, kisha anaisifu sana. Sina neno na hilo. Lakini nafasi ya nne mmeandika hivi: "Baa ya Robow, Isiolo. Bia nyeupe, nzito, chachu, yenye harufu ya moshi. Kali kuliko zote tulizoonja. Fundi wake ni mzee mkimya."

Ndugu Mhariri, hayo ni maziwa. Ni maziwa ya ngamia yaliyochachushwa ndani ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Tunayaita susa, na watoto huyanywa kabla ya kwenda madrasa. Mimi ni Mwislamu, nina binti aliyeposwa, na kwa ajili ya mistari yenu hiyo posa inataka kuvunjika. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu jina. Niliona mjini watu wakiuza maziwa na kuandika nje "milk bar", nikaudhika, kwa sababu mimi ni mtu wa kutetea Kiswahili hata pale ambapo hakijaniomba. Nikaagiza ubao usomeke: Baa ya Robow, Tunachachusha Wenyewe, Susa ya Ngamia. Nafiso aliniambia kwamba kwa Kiswahili hicho hicho ninachokitetea, baa maana yake pia ni balaa. Nikamwambia asinifundishe lugha. Lotukoi, mchoraji wetu, alipenda sana herufi kubwa, nafasi ya ubao ikamwishia mapema, na maneno "Susa ya Ngamia" yakabanwa chini kabisa. Hapo ndipo mbuzi wa jirani hujikuna. Wamejikuna mpaka susa imefutika na ngamia pia. Kilichobaki ndicho alichokisoma mwandishi wenu. Mbuzi nimewasamehe, maana wao hawana mhariri.

2. Kuhusu asilimia mia ya kileo mliyoiandika kando ya jina letu. Hapa naomba unisikilize vizuri. Mwandishi wenu alikuja na kofia ya majani, akanywa kikombe kimoja, akafumba macho, akaniuliza: "Mzee, hii ina asilimia ngapi?" Sisi wauza maziwa tunaulizwa swali hilo kila siku. Mtu anataka kujua umetia maji au hukutia. Nikamjibu kama anavyojibu mtu mwaminifu: mia kwa mia. Akanitazama kwa woga. Akauliza kama nina hakika, nami nikamwapia kwamba tangu tufungue duka haijawahi kushuka. Akaomba kikombe cha pili, na alipoinuka alishika ukuta. Nilidhani ni jua.

3. Kuhusu neno "mkimya". Nafiso alipolisoma alicheka hadi akakaa chini. Majirani walikuja kuuliza kuna nini, naye akawasomea, wakakaa chini wao pia. Siku ile nilimweleza mwandishi wenu habari za babu yangu askari, za malisho, za tofauti ya ngamia na ng'ombe, na za siasa. Kama aliniona mkimya, basi nani atamwamini kwa mengine?

4. Kuhusu wateja. Sasa vijana wa Nairobi wanaokwenda kutazama wanyama wanasimamisha gari mlangoni na kuniambia, "Buda, tuwekee moja baridi." Ninawaeleza kwamba ni maziwa. Wananikonyeza. Kadiri ninavyokataa ndivyo wanavyoamini, na wananywa wakiangalia mlango kama wezi. Hata Gichunge, muuza miraa wa mkabala nasi, ambaye amekunywa susa yetu miaka yote bila kuyumba, amesoma orodha yenu na tangu hapo anarudi kibandani kwake akiimba. Nimempa chai akaendelea kuimba.

5. Kuhusu msikiti. Ijumaa imamu alihutubia juu ya watu wanaopaka haramu jina la halali. Yeye alikuwa anatazama feni, lakini safu nzima ilinitazama mimi. Mimi nimefanya kinyume chake, halali nimeipa jina la haramu, na nimeona haya kuuliza kosa hilo linaitwaje.

6. Hili ndilo linaloniuma. Binti yangu Habsa ameposwa na Doyo, mtoto wa Mzee Jillo Waqo, mfugaji wa kule Biliqo. Wanapendana, na sisi wazazi tumependa. Maziwa yetu yote yanatoka kwa ngamia wa Mzee Jillo. Sasa amesomewa gazeti lenu, na ametuma neno kwamba hawezi kuozesha mwanawe nyumba inayogeuza maziwa ya ngamia wake kuwa pombe. Habsa hajanilaumu kwa mdomo. Ananiletea chai, anaitua mezani kwa kishindo, anaondoka.

Kwa hiyo naomba mtufute kwenye orodha. Pia mwandishi wenu atangaze kwamba hakulewa. Kama anashikilia kwamba alilewa, alete cheti cha daktari. Kama daktari naye atakubali kwamba alilewa, basi waje wote wawili Biliqo, wanywe mbele ya wazee, na wakiyumba wayumbe mbele ya mashahidi.

Nisalimie wafanyakazi wote wa gazeti, wapiga chapa, na hata huyo wa kofia. Nafiso anawasalimu. Gichunge pia, kwa wimbo.

Wako mwenye maziwa,
Robow Abass,
Isiolo.

N.B. Kabla sijatuma barua hii, Mzee Jillo amefika mwenyewe na wazee wawili kuchunguza. Amekunywa susa, akanywa tena. Kisha akaomba asomewe orodha upya, taratibu. Amekasirika vibaya sana, ila si kwa neno bia. Anasema ninyi iteni mnavyotaka, ngamia hawasomi magazeti. Anachotaka kujua ni nani hao watatu waliowashinda ngamia wake, na anaapa kwamba mwanawe hataoa nyumba ya namba nne. Habsa ameniletea chai sasa hivi na kuitua polepole. Basi naomba msitufute. Tupandisheni mpaka namba moja kabla ya harusi, na ile asilimia mia iacheni ilivyo. Mkiandika upya, semeni ukweli kwamba fundi ni Nafiso. Mimi niacheni hapo hapo kwenye "mkimya". Kuanzia leo nitajitahidi.