Seva Isiyoitika Hodi

Kwa Msimamizi wa Seva ya Kupakulia Programu,

Ndugu Msimamizi,

Natumaini nyote hapo ni wazima, ingawa kwa jinsi mlivyonyamaza nimeanza kuingiwa na wasiwasi. Mimi ni mchapaji wa kadi za harusi. Kompyuta ya dukani kwangu inatumia mfumo wa Linux, na masasisho yake yote huyachukua kwenye seva yenu. Jumatatu nilianza kusasisha programu ya printa. Ikafika katikati, ikaandika kwamba seva haipatikani, ikakata. Tangu hapo printa haichapi hata nukta.

Ningevumilia kama kawaida yangu, ila kadi zinazosubiri ni za shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, na Jumamosi mama mkwe anakuja kuzichukua mwenyewe. Huyu ndiye mama aliyewahi kuuliza mbele za watu kama kuchapa kadi ni kazi au ni mapumziko. Akizikosa kadi, naogopa nitakuwa nimempa jibu. Kwa hiyo naomba malalamiko yangu yasomwe kwa utulivu.

1. Nilibisha hodi kistaarabu. Nilibonyeza "jaribu tena", nikasubiri, nikabonyeza tena. Kimya. Hata mtu aliyelala hujigeuza.

2. Kwa kuwa nimelelewa, sikukata tamaa. Niliiagiza kompyuta ibishe hodi kila sekunde, mchana na usiku. Hapo jibu likabadilika, likawa "umekataliwa". Kukataliwa nimekuzoea ukweni, lakini si na mashine.

3. Fundi simu wa duka la jirani alinishauri nichague seva nyingine, maana orodha imejaa seva zenye programu zilezile. Mtu akikuta mlango wa mwenyeji wake umefungwa, ndiyo ahamie nyumba ya pili na kuomba chakula? Badala yake nilimwomba naye abishe. Kinyozi akabisha, muuza viatu akabisha, wote kwa intaneti ya duka langu kwa sababu shida ni yangu. Tukawa kundi zima mlangoni kwenu, na bado mkatukaushia.

4. Mke wangu ameanza kunitazama kwa jicho la mama yake.

5. Kutokana na hayo nadai seva iniombe radhi kwa maandishi. Nadai pia aajiriwe mtu wa kukaa kando yake, kazi yake iwe kuitikia "karibu" na si kingine. Na wewe mwenyewe, Ndugu Msimamizi, uje Jumamosi umweleze mama mkwe kwa mdomo wako kwamba kosa ni lenu. Uje umevaa koti. Ukishindwa, nitamwomba bibi harusi aahirishe ndoa mpaka seva ipatikane, na watoto watakaochelewa kuzaliwa nitawaelekeza ofisini kwako.

Nisalimie wote hapo kazini, mlinzi, fundi umeme, na hasa yule anayekaa karibu na seva na hasikii kitu.

Ni mimi, mwenye subira iliyobaki kidogo,
Mchapaji wa Kadi

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mke wangu ameisoma barua hii. Akaniuliza nimebisha mara ngapi. Nikamwambia bado tunabisha. Akasema hodi ni tatu, mwenye nyumba asipoitika mtu huenda zake, na anayegonga mlango usiku kucha pamoja na kinyozi na muuza viatu haitwi mgeni. Kisha akaiunganisha kompyuta na intaneti ya simu yake, na seva yenu ikaitika hapohapo. Masasisho yakakamilika chai yangu ikiwa bado ya moto. Kumbe Jumatatu mlikuwa na matengenezo ya muda mfupi, tangazo lipo kwenye ukurasa wenu, na waliofungiwa mlango tangu siku hiyo ni sisi tu wa duka hili, kwa kubisha bila kukoma.

Kadi zimetoka, na ya kwanza nimekuwekea humu ndani. Mama mkwe ameshasimuliwa yote, kwa hiyo huna haja tena ya kumweleza lolote. Njoo tu harusini, nipate mtu wa kukaa naye. Ukifika, hodi moja inatosha.